Nani Atakaa na Mama Saa ya Uchungu?

Mimba inapoingia nyumbani maswali huanza mara moja. Mtoto ataitwa nani? Nguo zake zitanunuliwa wapi, mjini Homa Bay au soko la Oyugis? Fedha zitatoka wapi? Liko swali moja ambalo wengi hawaliulizi hata mama anapofikisha miezi tisa: ni nani atakayekaa karibu naye tangu uchungu uanze mpaka mtoto alie? Simaanishi nani atamzalisha, maana hiyo ni kazi ya mkunga aliyesomea na ya daktari. Nauliza nani atamshika mkono.

Katika nchi ya Waluo majina yenyewe yanasimulia habari za kuzaliwa. Otieno alizaliwa usiku, Akinyi asubuhi, Achieng' jua likiwa juu. Opiyo ndiye pacha aliyetangulia na Odongo akafuata. Awino alikuja kamba ya kitovu ikiwa imemzunguka. Na Oyoo alizaliwa njiani. Tunayataja majina haya kila siku bila kufikiri, lakini nyuma ya kila Oyoo wa kwanza yupo mama aliyeshikwa na uchungu kando ya njia, na yumkini palikuwa na mwanamke mwenzake aliyevua leso yake akaitandika chini.

Siku hizi kazi ya mwanamke huyo wa pili imepewa jina. Anaitwa dula. Neno hili latoka katika Kigiriki, na zamani maana yake ilikuwa mtumishi wa kike, au hasa mtumwa wa kike. Mwanamke mtaalamu wa Marekani, Dana Raphael, ndiye aliyelitia katika mambo ya uzazi kwa kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya kunyonyesha. Aliona kwamba mama mpya hufaulu zaidi akiwa na mwanamke mzoefu wa kumtunza. Baadaye wakatokea wanawake walioifanya kuwa kazi yao ya kila siku, na mwaka 1992 kikaundwa chama chao huko Marekani. Hata Nairobi wapo wanaoifanya kwa malipo. Lakini msiogope neno geni. Jambo lenyewe si geni kwetu hata kidogo.

Hebu tutenganishe watu watatu ambao mara nyingi huchanganywa.

Wa kwanza ni mkunga wa hospitali. Huyu amesoma, ana leseni, anajua kupima njia ya uzazi, kusikiliza moyo wa mtoto, kuchoma sindano ya kuzuia damu, kumwita daktari. Wa pili ni nyamrerwa, mkunga wetu wa jadi. Bibi na mama zetu wengi walipitia mikononi mwake. Alizalisha, alitoa dawa za mitishamba, alifariji, alimwogesha mtoto, yote kwa pamoja. Wa tatu ndiye dula, yaani msindikizaji. Huyu hazalishi wala hatoi dawa. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kuwa na mama, bila kuondoka.

Nasema wazi ili pasiwe na kutoelewana: sishauri mtu yeyote ajifungulie nyumbani kwa nyamrerwa. Twamheshimu mama huyu, lakini hana damu ya kuongezea aliyetokwa na damu nyingi, hana chumba cha upasuaji, na manyasi anayomnywesha mama ili uchungu uongezeke yanaweza kuleta mikazo mikali mno hata mfuko wa uzazi ukapasuka. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba nchini Kenya, katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, mama 355 walifariki kwa sababu za uzazi. Wengi wao hufa kwa kutokwa na damu na kwa shinikizo la damu, na mambo haya mawili hayangojei mpaka asubuhi. Ni jambo la kushukuru kwamba watu wameelewa. Mwaka 2014, watoto 61 katika kila 100 nchini walizaliwa katika vituo vya afya. Mwaka 2022 walikuwa 82. Na katika sehemu nyingi wakunga wa jadi wenyewe wameombwa kuacha kuzalisha na badala yake kuwasindikiza akina mama hospitalini. Yaani nyamrerwa amekuwa dula, ingawa hakuna aliyemwita hivyo. Kwa maoni yangu hapo ndipo mahali pake panapofaa kabisa, maana ile nusu ya kazi yake iliyokuwa njema haikuwa mitishamba. Ilikuwa ni kule kukaa na mama.

Tulipohama kutoka nyumbani kwenda hospitali tulipata usalama, lakini kuna kitu tulikiacha mlangoni. Nyumbani mama alizungukwa na wanawake anaowajua. Hospitalini amelala katika chumba chenye wengine watano, muuguzi ni mmoja au wawili, nao wanakimbia huku na huku. Si kwamba muuguzi hana moyo. Mkono wake mmoja hauwezi kushikwa na akina mama sita.

Je, yafaa kitu gani kumshika mtu mkono? Swali hili waliliuliza madaktari Marshall Klaus na John Kennell pamoja na wenzao, katika hospitali moja kubwa nchini Guatemala. Waliwagawa akina mama waliokuja kujifungua kwa mara ya kwanza. Wengine walihudumiwa kwa kawaida ya hospitali ile, yaani peke yao. Wengine walipewa mwanamke wa kawaida, asiye muuguzi wala ndugu yao, awapanguse, awasugue mgongo na kuzungumza nao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980. Miongoni mwa waliojifungua bila matatizo, wale wa peke yao walikaa kwa wastani zaidi ya saa 19 tangu kupokelewa hadi kujifungua. Wale waliokuwa na mwenzao walikaa chini ya saa 9.

Tofauti kubwa namna hiyo haikuonekana kila mahali, na ni haki kusema hivyo. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya pamoja tafiti 26 kutoka nchi 17, zenye akina mama zaidi ya 15,000. Kwa ujumla, uchungu ulipungua kwa muda wa dakika kama 40. Lakini waliopasuliwa walipungua kwa robo nzima, dawa za kutuliza maumivu zilihitajika kidogo, watoto wachache zaidi walizaliwa wakiwa wanyonge, na akina mama wachache zaidi walibaki na kinyongo juu ya siku ile. Hakuna ubaya wowote ulioonekana. Ingekuwa hii ni dawa ya kidonge, tungeipanga foleni.

Sababu yake si uchawi. Mwili wa mama hutengeneza homoni iitwayo oxitosini, na hiyo ndiyo inayokaza mfuko wa uzazi ili mtoto ashuke. Mtu akiogopa, mwili hutoa homoni nyingine ya kukimbia hatari, na hii huipunguza nguvu ile ya kwanza. Hata mbuzi anayezaa, akija mbwa wa jirani, husimama. Mama akiogopa, uchungu hulegea au hukawia, maumivu huzidi, naye kwa maumivu huzidi kuogopa. Msindikizaji mzuri huukata mzunguko huo.

Sasa tuone kazi yenyewe, maana wengi hudhani kusindikiza ni kubeba mfuko wa nguo na kukaa nje kwenye benchi.

Kazi huanza mapema, mimba ikiwa ya miezi sita au saba. Msindikizaji aende na mama kliniki angalau mara moja, aone njia, ajue mlango wa kuingilia usiku, auliziwe ruhusa. Akisome kile kijitabu cha kliniki, ajue mama ana damu ya kundi gani na kama aliwahi kupasuliwa. Azijue dalili za hatari kwa moyo: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso kuvimba, degedege, homa kali, maji kuvunjika bila uchungu kufuata, mtoto kuacha kucheza. Dalili moja kati ya hizo ikitokea, hakuna kungoja mkutano wa ukoo.

Uchungu unapoanza, saa za kwanza huwa ndefu na za taratibu. Mama atembee, aoge maji ya vuguvugu, ale uji. Msindikizaji atazame saa, aone mikazo inakuja baada ya dakika ngapi. Wakishafika hospitalini na njia ikafunguka kiasi cha sentimita 5, uchungu wenyewe umekolea. Kuanzia hapo, kwa mimba ya kwanza huweza kuchukua mpaka saa 12, na kwa zinazofuata mpaka saa 10. Ndiyo maana nasema msindikizaji awe mtu mwenye subira. Saa 12 ni nyingi kwa mtu mwenye kutazama simu yake.

Katika saa hizo atafanya nini? Atamkumbusha mama kukojoa kila baada ya muda, maana kibofu kilichojaa humzuia mtoto. Atampa maji kidogo kidogo, hata chai ya sukari, kama wauguzi hawakukataza kwa sababu maalumu. Atamkanda kiuno kwa viganja, chini kabisa ya mgongo, kwa nguvu na si kwa kupapasa. Atamsaidia kusimama, kuegemea ukuta, kupiga magoti, kulala ubavu. Kulala chali muda wote si vizuri. Mkazo unapokuja atapumua pamoja naye polepole, akihesabu. Mkazo ukiondoka atampangusa jasho na kunyamaza. Kunyamaza nako ni kazi. Wako wanawake ambao wakiingia chumba cha uzazi husimulia habari za fulani aliyekufa pale mwaka juzi. Huyo mwacheni nyumbani hata kama ni shangazi mpendwa.

Kadhalika atakuwa sauti ya mama. Mama mwenye uchungu hasikii vizuri maelezo, na pengine haoni ni nani aliyeingia. Msindikizaji atauliza kwa adabu, “Sista, hii sindano ni ya nini?” kisha amweleze mama kwa Kijaluo taratibu. Akiona damu, au mama akisema anataka kusukuma, ataita mara moja.

Na yale asiyoyafanya ni haya: hapimi njia, hakandamizi tumbo ili mtoto atoke, hakati kitovu, haingizi chupa ya manyasi chini ya leso, hagombani na wauguzi. Asimwambie mama akatae upasuaji ambao daktari amesema ni wa lazima. Hapo ndipo msindikizaji mbaya anapoweza kuua.

Tumefika penye mgogoro, ambapo mabwana na bibi hutofautiana. Nani achaguliwe?

Jibu la kwanza: anachagua mama mwenyewe. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoshauri kila mama anayejifungua awe na msindikizaji anayemtaka yeye. Neno lenye uzito hapo ni “anayemtaka yeye”. Si yule ambaye mume anamtaka, wala si yule ambaye mama mkwe amemteua.

Wewe baba wa nyumba, huenda mkeo atakuchagua wewe. Najua desturi yetu. Mwanamume hakukaribia mahali pa kuzalia, na wazee wakisikia watacheka. Wacheke. Waume waliokuwapo mara nyingi hutoka mle wakiwa na heshima mpya kwa wake zao. Ukiajiriwa, Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inakupa likizo ya wiki mbili yenye mshahara mtoto anapozaliwa, basi itumie kwa kazi hiyo na si kwa kumalizia nyumba. Lakini kama mkeo hakutaki mle ndani, usione kwamba amekudharau. Wako wanawake wanaoona haya mbele ya waume zao, na wako waume wanaozimia. Wewe utabaki na kazi ya nje, nayo ni kubwa: usafiri, fedha, damu, watoto walioachwa nyumbani.

Tena tuseme ukweli kuhusu maisha ya hapa ziwani. Mvuvi wa omena hutoka usiku wa giza na taa zake, na uchungu hupenda usiku. Mwingine yuko Nairobi anafanya kazi ya ulinzi. Hivyo hata mume akiwa ndiye aliyechaguliwa, lazima awepo wa pili aliye karibu, anayejua kila kitu.

Mama mkwe huwa ndiye wa karibu, na wengi wao ni hodari sana. Lakini wako wake ambao hawajawahi kulia mbele ya mama mkwe, na hawataki kuanzia siku hiyo. Mume asilichukue jambo hili kama matusi kwa mama yake. Mwendee mama kwa upole, mwambie: “Mama, wewe ndiwe mwenye boma hili. Tunakuomba utulindie watoto na kumpokea mjukuu akija.” Mpeni kazi yenye heshima, naye hataona amefukuzwa.

Vipi mama mzazi wa mke? Hapa desturi ya Kijaluo ina ugumu wake, kwa kuwa mama huyo halali nyumbani kwa mkwewe, na mkwe naye hujiweka mbali naye kwa heshima. Nyumba nyingi zimemnyima mke msaada wa mama yake kwa sababu hiyo. Lakini fikirini: hospitali si boma la mtu yeyote. Mama mzazi anaweza kukutana na binti yake Asumbi, au St. Paul's mjini Homa Bay, au Rachuonyo, au St. Camillus kule Karungu, akakaa naye siku mbili, akarudi kwake, na hakuna desturi iliyovunjwa. Liwekeni jambo hili mbele ya wazee mapema mpate baraka zao.

Na mahali ambapo hakuna ndugu anayefaa, tazameni jirani wa jumuiya ndogo ndogo. Sisi tunaosali Rozari twakitaja kila mara kisa cha Maria kwenda milimani kwa Elizabeti mjamzito, na Injili ya Luka yasema alikaa huko kama miezi mitatu. Jumuiya inayochangia harusi na mazishi kwa bidii yaweza pia kuwa na wanawake wawili watatu waliofundishwa na muuguzi wa zahanati, tayari kuitwa usiku. Wahudumu wa afya wa jamii nao, ambao 100,000 walizinduliwa rasmi nchini Septemba 2023, wanaweza kusaidia kuwafundisha.

Jambo moja la siri lisisahauliwe. Katika kaunti zetu hizi za Homa Bay na Migori virusi vya ukimwi vimeingia nyumba nyingi kuliko sehemu nyingine za nchi. Msindikizaji ataona dawa za mama, na ataona mtoto akipewa dawa yake ya maji baada ya kuzaliwa. Mama asimchague mtu ambaye hajui habari hiyo na ambaye hawezi kuitunza. Katika kliniki nyingi wako akina mama washauri, wanaoishi na virusi wenyewe na waliozaa watoto wasio navyo. Mmoja wao aweza kuwa mwenzi bora kuliko dada wa tumbo moja asiyejua kufunga mdomo.

Nalo swali la hospitali kumkataa msindikizaji? Hutokea, na mara nyingi sababu ni kwamba chumba ni kimoja na akina mama wengine wamefunuliwa. Sababu hiyo ni ya haki, hasa kwa msindikizaji mwanamume. Ulizeni mapema kliniki: je, mnaruhusu? Kuna pazia? Mwanamke je? Mkikataliwa katika kituo kimoja, pengine kingine kinaruhusu, na bado mna wakati wa kubadili. Kuuliza mlangoni saa nane za usiku huwa ni ugomvi mtupu.

Wala kuwapo kwa mtu wa nyumbani si kwa ajili ya faraja peke yake. Utafiti uliofanywa katika vituo 13 vya Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mama mmoja kati ya watano alitendewa bila heshima alipojifungua. Na mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Bungoma iliamua kwamba haki za mama mmoja zilivunjwa alipojifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013, bila mhudumu, akatukanwa na kupigwa. Aliamriwa kulipwa shilingi 2,500,000. Wauguzi wema ni wengi mno kuliko wabaya. Hata hivyo, mahali penye shahidi mwenye adabu, watu hujichunga.

Sasa maandalizi. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, waliandika kwamba akina mama hufa kwa sababu ya kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Sioni ufafanuzi uliofaa kwetu kuliko huo. Kuchelewa kwa kwanza kunatibiwa nyumbani kwenu wiki hii: mume amwambie mke na msindikizaji, mbele ya wote, kwamba uchungu ukianza waondoke bila kungoja ruhusa yake wala simu yake. Nyumba ngapi mama amekaa akitokwa na damu eti mzee hajarudi?

Kuchelewa kwa pili ni habari ya njia. Mtu wa Mfangano anahitaji boti hadi Mbita, muda wa saa moja au zaidi, na ziwa likichafuka usiku hakuna nahodha mwenye akili atakayetoka. Mama wa kisiwani, hasa aliyewahi kupasuliwa au mwenye pacha, ahamie bara wiki mbili au tatu kabla, kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Watu wa Lambwe na Nyatike wanajua udongo mweusi ufanyavyo wakati wa mvua. Mwenye pikipiki akubaliwe mapema, na nambari ya wa pili iwepo, na nauli ifungwe mahali ambapo haitaguswa hata kwa karo.

Kuhusu malipo ya hospitali, NHIF haipo tena. Tangu Oktoba 2024 mambo hayo yamo mikononi mwa SHA. Hakikisheni mmeandikishwa na michango imelipwa kabla ya mwezi wa mwisho. Kitambulisho, kijitabu cha kliniki, leso mbili, pamba, nguo za mtoto, sabuni na fedha kidogo vikae katika mfuko mmoja karibu na mlango.

Mtoto akishazaliwa, msindikizaji asikimbilie kupiga simu kwa ukoo mzima. Amsaidie mama kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na kumpa titi ndani ya saa ya kwanza. Maziwa yale ya manjano yasikamuliwe na kumwagwa, ni chanjo ya kwanza. Mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24, maana saa hizo ndizo za hatari ya damu. Akiona vitambaa vinalowa upesi na mama anaishiwa nguvu au kuweweseka, aite.

Nyumbani huja golo nyathi na wageni, na kila mgeni anataka chai. Hapo msindikizaji mwema hupika chai yeye, huteka maji, humwambia mgeni kwa upole kwamba mama amelala. Katika wiki sita zile mama huweza kulia bila sababu. Siku chache za namna hiyo ni za kawaida. Zikizidi wiki mbili, hali chakula, halali hata mtoto akilala, au anasema ni heri asingezaa, huo ni ugonjwa na una tiba. Si uvivu wala si mapepo. Mumewe na msindikizaji wampeleke hospitalini pamoja.

Malipo je? Dula wa mjini ana bei yake. Jirani yako hana, lakini aliacha shamba lake siku mbili na kibanda chake cha samaki kikafungwa. Mpeni nauli, mpeni leso mpya, mkamlimie siku moja. Kijana mmoja wa huku kwetu alimpelekea kuku kila mwaka siku ya kuzaliwa mtoto, mpaka mtoto akaanza shule na kumpeleka mwenyewe.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani jioni moja, redio ikiwa imezimwa: Mke, ukifumba macho na kuiwaza saa ile, ni uso wa nani unataka kuuona? Mume, ukitajwa wewe utaweza, na usipotajwa utanyamaza kwa moyo mweupe? Ni nani atakayemwambia mama mkwe? Boti au pikipiki ni ya nani, na mmekwisha kuzungumza naye? Na fedha ile ya nauli, usiku huu iko wapi?